Nani Anamsikiliza Mwanafunzi wa Utangazaji?

Mwaka 1970 vyuo vikuu viwili vya umma, kimoja Nairobi na kingine Cardiff, vilianza kufundisha uandishi wa habari. Nairobi ndiyo kwanza ilikuwa imepata hadhi ya chuo kikuu kamili. Cardiff ilikuwa inajaribu jambo ambalo vyuo vikuu vya Uingereza vilikuwa vimelikwepa kwa miaka thelathini. Aliyepewa jukumu hilo kule Wales, Tom Hopkinson, hakuwa profesa. Alikuwa mhariri aliyefukuzwa na mwenye jarida la Picture Post mwaka 1950 kwa sababu ya makala kuhusu vita vya Korea, akahamia Johannesburg kuhariri jarida la Drum, kisha kati ya 1963 na 1966 akakaa Nairobi akiendesha mafunzo ya Taasisi ya Kimataifa ya Vyombo vya Habari, IPI, kwa waandishi waliokuwa tayari kazini katika nchi za Afrika zilizokuwa zikijipatia uhuru. Tumezoea kuambiwa kwamba mitaala husafiri upande mmoja tu, kutoka kwao kuja kwetu. Lakini mtu aliyefungua darasa la Cardiff alikuwa ameshaijaribu kazi hiyo hapa Afrika Mashariki.

Namtaja Hopkinson kwa sababu historia yake inavuruga picha rahisi, ile inayodhani kwamba kuna namna moja ya kufundisha utangazaji, kwamba wenzetu wanayo yote na sisi tunayo nusu. Kozi hizi hazikuzaliwa nyumba moja. Nyingine ilizaliwa maabara ya fizikia, nyingine gazetini, nyingine wizarani, nyingine kwa mafundi wa simu na posta. Na kila moja, hata ikibadilishwa jina mara tatu na kuongezewa neno “kidijitali”, hubaki na mwendo wa ukoo wake, kama mjukuu anayetembea kama babu ambaye hakuwahi kumwona. Ukitaka kuujua ukoo huo, usisome orodha ya masomo. Uliza mwanafunzi anapofungua maiki, nani yuko upande wa pili.

Pale Madison, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, upande wa pili alikuwapo mkulima. Profesa wa fizikia Earle Terry na wanafunzi wake waliendesha kituo kilichoitwa 9XM, na kwa kuwa valvu za redio zilikuwa adimu, walizitengeneza wenyewe kwa mikono. Walianza kwa kurusha utabiri wa hali ya hewa kwa alama za Morse, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakahamia kwenye sauti. Mwaka 1922 kituo kikaitwa WHA. Utabiri haukuwa zoezi la darasani: mwenye shamba alihitaji kujua kama barafu inakuja, na mwenye mazao alihitaji bei ya soko. Chuo hicho kilikuwa na imani kwamba elimu inayolipiwa na jimbo inapaswa kufika kila kona ya jimbo, na redio ikageuka barabara ya kuifikishia. Mwaka 1931 wakaanzisha shule ya hewani kwa ajili ya shule ndogo za vijijini, ambazo nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja tu kwa madarasa yote. Walifundisha muziki, sayansi, hata kuchora. Ndiyo, kuchora kwa redio.

Anayeisoma habari hiyo akiwa Tanzania hana sababu ya kushangaa sana. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadili malaria, kichocho na safura, kisha wakaamua la kufanya: kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchimba choo, kuchemsha maji. Kabla yake kulikuwa na kampeni kuhusu uchaguzi wa 1970 na kuhusu miaka kumi ya uhuru, na baada yake, mwaka 1975, ikaja Chakula ni Uhai. Zote zilijengwa juu ya wazo lilelile, kwamba matangazo hayaishii redio inapozimwa. Kazi halisi huanza pale kikundi kinapogeukiana.

Ningepewa mamlaka juu ya mtaala mmoja wa utangazaji katika chuo cha umma, ningeanza na Mtu ni Afya. Ningeifundisha kama mhandisi anavyofundishwa daraja lililosimama: nani aliandika kitabu, kwa nini kipindi kilikuwa kifupi, viongozi wa vikundi walifundishwa vipi, redio zilitoka wapi katika kijiji chenye redio mbili. Humo mna kila kitu kinachouzwa leo kwa majina mapya, ushirikishwaji wa hadhira, maudhui ya majukwaa mengi, upimaji wa matokeo. Lakini kampeni hii iliwekwa kabatini kwa watu wa elimu ya watu wazima, na mwanafunzi wa utangazaji hukutana nayo kwa bahati, kama hukutana nayo kabisa. Wisconsin wao kumbukumbu ya 9XM wameibandika ukutani na wanajivunia. Sisi yetu tumeisahau bila hata kugombana juu yake.

Missouri ni ukoo mwingine. Shule ya uandishi wa habari ya chuo hicho cha umma ilianza Septemba 1908, na siku madarasa yalipofunguliwa ndiyo siku gazeti lao la kwanza lilipotoka. Mwasisi wake, Walter Williams, alikuwa mhariri wa gazeti la mji mdogo na hakuwa na shahada yoyote. Hilo halikumzuia kuwa mkuu wa shule, wala baadaye kuwa rais wa chuo kizima. Mwaka 1953 chuo kilifungua kituo cha televisheni, KOMU, na hapo ndipo penye la kujifunza, kwa sababu KOMU si kituo cha mazoezi. Ni kituo cha kibiashara, mshirika wa mtandao wa NBC, kinachouza matangazo na kushindana na vituo vingine vya eneo hilo, na sehemu kubwa ya waripota wake ni wanafunzi wakiwa chini ya wahariri walioajiriwa. Mwanafunzi akikosea jina la diwani, mwalimu atakuwa wa pili kumwambia. Wa kwanza ni mtazamaji aliyepiga simu.

Nautamani mfumo huo, lakini nausifu kwa tahadhari. Kituo cha biashara humfundisha mwanafunzi biashara pia, na kwa haraka. Atajua kwamba habari ya dakika moja na nusu ni ndefu, kwamba moto unaowaka huitangulia bajeti ya kaunti, kwamba mwenye matangazo hapendi kusemwa. Atatoka na mkono mwepesi, na huenda asipate nafasi ya kuuliza kwa nini mambo yako hivyo.

Uingereza waliuliza swali hilo hadi wakasahau mkono. Chuo Kikuu cha London kilikuwa na stashahada ya uandishi wa habari kuanzia 1919, ikafa vita vilipoanza 1939, na haikufufuliwa. Kazi ya kufundisha utangazaji iliachiwa BBC, iliyofungua shule yake ya wafanyakazi mwaka 1936. Mantiki yake ilieleweka. Shirika linamchukua kijana aliyesoma historia au Kilatini, linamfundisha lenyewe namna ya kusoma taarifa, kukata kanda na kuandaa kipindi, na linambakiza. Chuo kikuu kilibaki na kazi ya kutazama kutoka nje. Birmingham ilianzisha kituo chake cha masomo ya utamaduni mwaka 1964, na humo Stuart Hall akaandika jinsi ujumbe unavyofungwa na mtayarishaji na kufunguliwa kwa namna nyingine kabisa na mtazamaji. Leicester wakafungua kituo cha utafiti wa mawasiliano ya umma mwaka 1966. Mwanafunzi wa mkondo huo aliweza kukueleza jinsi taarifa ya saa tatu usiku inavyoufanya mgomo wa wafanyakazi uonekane kero, na asiweze kuikata kanda hiyohiyo sekunde kumi. Ndiyo maana Cardiff ya Hopkinson ilikuwa jaribio. Hata baada yake, vyuo vilipoanza kuchanganya nadharia na studio, magazeti ya huko yaliendelea kuzikejeli kozi za habari kama shahada za mchezo. Dharau hiyo ni ya kitabaka zaidi kuliko ya kitaaluma. Fundi hakutakiwa mezani pa wasomi.

Wajerumani niwapitie kwa haraka: waliweka darasa la magazeti Leipzig tangu 1916, lakini hadi leo kijana aliyemaliza chuo hupitia mafunzo ya mwaka mmoja na nusu au miwili ndani ya chombo cha habari kabla hajahesabiwa mwandishi kamili. Chuo na chumba cha habari vimegawana kazi bila kelele.

Sasa tuje Dar es Salaam. Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, ilianzishwa 1975 chini ya wizara yenye dhamana ya habari. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na televisheni hata moja, na isingekuwa nayo hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake ya rangi tangu 1973. Kwa hiyo TSJ ilikuwa shule ya magazeti na redio, na mwajiri alikuwa dola au chama. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Serikali ilikuwa na redio moja iliyosikika nchi nzima na ilihitaji watu wa kuiendesha. Mwanafunzi alijua upande wa pili kuna nani: taifa, na nyuma ya taifa, ofisi. Mwaka 2003 shule hiyo ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo inatoa shahada na ina vituo vyake vya Mlimani vya redio na televisheni. Kuwa na kituo chenye masafa halisi si jambo dogo, vyuo vingi vinavyofundisha utangazaji havina.

Ila kuingia chini ya Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, kulileta sheria za Mlimani. Anayefundisha shahada lazima awe na shahada ya juu zaidi, na hilo kwa fani kama historia au kemia halina ubishi. Kwenye utangazaji lina gharama. Mtangazaji aliyesoma taarifa ya habari kwa miaka ishirini na mitano, anayejua jinsi ya kupumua kati ya habari ya msiba na habari ya mpira, anayekumbuka fundi mitambo gani alikuwa anaokoa kipindi kanda ikikatika, huyo bila shahada ya uzamili huingia darasani kama mgeni mwalikwa, anapigiwa makofi, anaondoka. Walter Williams mwenyewe asingeweza kuajiriwa. Sidai kwamba uzoefu unatosha peke yake, maana tumesikia wazee wa redio ambao mafunzo yao ni visa vya enzi zao tu. Nasema chuo hakijatafuta njia ya kumpa mkongwe kiti cha kudumu, wakati vyuo vya tiba vimeshapata njia ya kuwaweka madaktari wa wodini mbele ya wanafunzi.

Kuna tofauti nyingine ambayo Mmarekani au Mwingereza haioni kirahisi. Kwao cheti hakiruhusu wala hakizuii mtu kuwa mwandishi. Unaweza kumaliza Missouri au kutomaliza chochote, sheria haihusiki. Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Hapo darasa likabeba mzigo wa pili, likawa pia mlango wa kibali. Wanafunzi wawili waliokaa dawati moja wanaweza kuwa wamefuata vitu viwili tofauti, mmoja ujuzi, mwingine, aliyekwisha kutangaza redio ya mkoani kwa miaka sita, karatasi ya kumruhusu aendelee na alichokuwa anafanya. Mwalimu anayewafundisha wote wawili kwa mhadhara mmoja kuhusu “utangulizi wa redio” anampotezea muda mmoja wao, na mara nyingi ndiye ambaye angeweza kumsaidia kufundisha.

Mtandaoni mambo yakapangwa kwa kipimo kingine kabisa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 hazikumwekea mwenye blogu wala mwenye televisheni ya mtandaoni kiwango cha chini cha elimu. Zilimtaka leseni, kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa jumla. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini mpangilio wake ulibaki kuwa somo: redio ilindwe kwa cheti, mtandao ulindwe kwa fedha. Kijana anayesoma mawasiliano ya kidijitali anaandaliwa kwa milango yote miwili, na bumu lake la mkopo haliwezi kufungua huu wa pili.

Kenya ilifika kwenye dijitali kwa njia ya mafundi. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, ilianza 1961 ikiwanoa mafundi wa shirika la utangazaji kabla haijawa ya waandishi. Chuo Kikuu cha Multimedia, kilichopata hati yake 2013, mizizi yake ni shule ya mafunzo ya posta na simu ya Afrika Mashariki iliyofunguliwa 1948. Wakati mwingine watu wa habari huwatazama wahandisi hawa kama waweka nyaya. Mwaka 2015 ulipaswa kuwatoa dhana hiyo. Februari ya mwaka huo mitambo ya analojia ilipozimwa, vituo vikubwa vya binafsi vilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana, kisa ni mvutano juu ya nani asafirishe mawimbi. Tanzania ilikuwa imezima analojia Dar es Salaam tangu Desemba 31, 2012, nayo ikawa na kelele zake za ving'amuzi.

Watu wengi wanakumbuka ving'amuzi na bei zake. Kilichobadilika kwa mwanafunzi ni kikubwa zaidi. Kabla ya hapo, kituo cha televisheni kilikuwa na kamera na mnara. Baada ya hapo mnara ukawa wa kampuni nyingine yenye leseni ya kusambaza mawimbi, na kituo kikabaki na maudhui. Fundi mitambo na mtangazaji, waliokuwa wakitazamana kupitia kioo cha studio, wakawa waajiriwa wa watu wawili tofauti. Neno “kidijitali” katika jina la shahada linatokana zaidi na mpasuko huu kuliko linavyotokana na TikTok. Chuo Kikuu cha Dodoma kimeuelewa, maana kinafundisha maudhui ya kidijitali pamoja na uhandisi wa utangazaji katika ndaki yake ya kompyuta, si katika shule ya habari. Hofu yangu hapo ni ile ya Uingereza ikipinduliwa: mhitimu anayejua kubana picha zipite kwenye masafa finyu na hajawahi kukaa na mama aliyebomolewa nyumba akamhoji bila kumuumiza.

Simu janja imeondoa kisingizio cha vifaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akiwa na bando, anaweza kurekodi, kuhariri na kurusha kipindi kabla ya chai ya saa nne. Asichoweza kujipa ni hadhira inayomdai. Wafuasi wa mtandaoni hawamdai mtu, akichapia wanacheka na kusogeza skrini. Kwa miezi michache ya mafunzo kwa vitendo, fildi kwa Mtanzania, atachimenti kwa Mkenya, anapata mhariri na zamu, na huko ndiko wengi hujifunza kazi. Wengine huishia kubeba kamera za wenzao na kununua chapati za ofisi.

Na huko fildi ndiko anakokutana na jambo ambalo Missouri hawakuwahi kulazimika kulitatua. Amesoma miaka miwili kwa Kiingereza. Ameandika mitihani ya uandishi wa taarifa ya habari kwa Kiingereza, amepata alama nzuri, kisha anaketi kwenye meza ya habari ya kituo ambacho kila sentensi yake ni ya Kiswahili. Taarifa ya ajali aliyoizoea huanza na idadi ya waliokufa ikifuatwa na kitenzi cha kutendwa. Akiipeleka hivyohivyo hewani, msikilizaji wa Singida anaisikia imepinda. Mhariri anamfuta, anamfundisha upya, na mafunzo hayo hayamo katika mtaala aliousoma. Mtangazaji wa Missouri hutoka darasani na kuingia studio bila kubadili lugha. Wetu hubadili lugha na fikra siku hiyohiyo, mbele ya saa inayohesabu kurudi nyuma.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha habari kilipata shule zake, ila nyingine zilikuwa mbali. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza London 1957, ya Deutsche Welle ikafuata Ujerumani 1963, na watu waliotoka Dar, Mombasa na Zanzibar walikaa huko wakiitengenezea lugha hii namna ya kusema “msemaji wa serikali amekanusha” kwa pumzi moja. Radio Tanzania na Sauti ya Kenya nazo zilikuwa zikifanya kazi hiyo kila siku, kwa vikao vya asubuhi na ubishi wa wahariri. Maarifa hayo yote yako vichwani na kwenye kanda. Tasnifu ya mwaka wa tatu kuhusu kipindi cha redio cha Kiswahili, yenye majibu ya wasikilizaji waliohojiwa Buguruni au Kisauni, huandikwa kwa Kiingereza, kila jibu likiwa limetafsiriwa na mwanafunzi mwenyewe, na mtayarishaji wa kipindi hicho hapewi nakala. Chuo kimoja cha umma kinachoamua kwamba angalau kozi ya uandishi wa taarifa ya habari, pamoja na mtihani wake, itafundishwa kwa Kiswahili, na kuwapa wakongwe waliostaafu kazi ya kusahihisha, hakihitaji studio mpya wala ufadhili. Kinahitaji kikao cha seneti.